Kompyuta 12, wanafunzi 94, na soko lote liko kwenye simu: nifundishe nini?

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Mimi nafundisha Ent (ujasiriamali) na uchumi shule moja ya serikali hapa Busia, upande wetu wa Uganda. Kompyuta zinazowaka ni 12, wanafunzi wa S3 (sekondari mwaka wa tatu) peke yao ni 94, na umeme unakatika unavyotaka. Kila semina tunaambiwa tuwaandae watoto kwa uchumi wa kidijitali lakini hakuna anayeniambia Jumatatu asubuhi nikiingia darasani nafanya nini. Alafu juzi binti mmoja anayeuza viatu vya mtumba kwa status ya WhatsApp akaniuliza mbele ya wenzake, "Madamu, hii dimandi na saplai, mahitaji na ugavi, itanisaidia nini, mimi si tayari niko sokoni?" Nilikosa jibu. Je, tutupe hii silabasi tuanze upya? Na huyu mtoto nimwambie nini?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, asante sana. Swali lako nimelisoma mara tatu, na nikwambie mapema tu, huyo binti hajakuvunjia heshima, amekupa somo la muhula mzima. Nitamrudia mwishoni. Jibu fupi ni hili: usitupe silabasi, usisubiri kompyuta, na usiongeze mada mpya ya "uchumi wa kidijitali" pale nyuma ya kitabu ambapo hamna anayefika kabla ya mtihani. Badilisha mahali unapochota mifano. Dimandi, saplai, gharama, mtaji, mkopo, kodi, vyote vipo palepale, ila vimehamia kwenye simu, na vilipohamia baadhi yake vimebadilika tabia, sasa kazi yetu ni kumuonyesha mtoto kipi kimebaki vilevile na kipi kimebadilika. Kwangu mimi hayo ndo mageuzi yenyewe, kompyuta na majengo yanafuata.

Na wewe uko Busia bana! Hilo neno bodaboda linalotumika leo Afrika Mashariki nzima lilizaliwa mpakani hapo kwenu miaka ya 60, vijana wa baiskeli wakibeba watu na mizigo kutoka posti ya huku hadi posti ya kule wakiita boda, boda. Leo mama anayeuza nyanya hapo ana laini mbili, moja ya MTN na moja ya Safaricom, anapokea M-Pesa kwa mteja wa Kenya na shilingi zetu kwa mteja wa huku, na ukimuuliza saa tatu asubuhi shilingi ya Kenya inabadilishwa kwa ngapi anakujibu bila kuangalia popote. Watoto wako wanalala na kuamka ndani ya somo la biashara ya kimataifa, alafu tunawafungulia kitabu kinachowaeleza kuhusu nchi A na nchi B. Mi naona hapo ndo tunapowapoteza.

Sasa Jumatatu asubuhi. Anza na kibanda cha mobail mani, wakala wa pesa za simu, nje ya geti lenu, sidhani kama mnakosa hata kimoja. Nilifanya hivi na vijana wanaosomea ualimu hapa Kampala, tukaenda kwa mama mmoja karibu na stejini, kibanda cha njano kimepauka kwa jua, simu ndogo mbili za batani amezifunga pamoja kwa mpira, pembeni daftari la kurasa 96 na kalamu imening'inizwa kwa uzi isiibiwe. Tulimwomba atuonyeshe ukurasa mmoja tu, majina na namba za wateja tukazifunika kwa karatasi (na hilo wafundishe watoto siku ya kwanza kabisa, tuna sheria ya kulinda taarifa za watu tangu 2019 na mtoto anayekusanya taarifa za wateja lazima ajue si mali yake). Alafu tukakaa kwenye benchi na kuhesabu.

Tuchukulie hivi. Mama ana mtaji wa milioni 2. Asubuhi kwenye simu ana floti, yaani pesa ya kwenye simu ya wakala, ya 1,200,000 na droo ina keshi 800,000. Ni siku ya soko, watu wanataka keshi. Mpaka saa sita wateja wametoa jumla ya 750,000 na walioweka ni 100,000 tu. Waulize watoto: floti imekuwa ngapi, keshi imebaki ngapi? Floti imepanda hadi 1,850,000, keshi imeshuka hadi 150,000. Ukijumlisha bado ni milioni 2, hajapoteza hata shilingi. Anakuja mteja anataka 200,000. Mama ana karibu milioni 2 mkononi na hawezi kumhudumia, mteja anavuka barabara kwa kibanda cha pili na komisheni inavuka naye. Pale pale kwenye benchi kijana mmoja aliyekuwa amefeli hilo swali mara mbili kwenye karatasi akaniambia, "Kumbe mtu anaweza kuwa na mali na asiwe na pesa." Hiyo ndo likwiditi, mwalimu, urahisi wa kugeuza mali kuwa keshi. Nimefundisha neno hilo miaka mingi kwa ubao na sijawahi kuona likiingia haraka vile.

Usiondoke hapo bado, kibanda kina mengi. Kila mteja anapotoa 50,000, floti inaongezeka 50,000 na keshi inapungua 50,000, mkono mmoja unapokea na mwingine unatoa, basi hiyo ndo dabo entri yenyewe, ile aliyoichapisha mtawa wa Italia Luca Pacioli mwaka 1494, na yule mama anaifanya mara 100 kwa siku bila kuambiwa ina jina. Debiti floti, krediti keshi. Mtoto aliyeona hivyo hatakariri tena "debiti kinachoingia" kama shairi. Alafu muulize: kwanini kuweka pesa ni bure na kutoa unakatwa? Kampuni inatafuta nini kwa kukuachia uingize bure? Na ile pesa iliyo kwenye simu iko wapi kwa kweli? Sheria yetu ya mifumo ya malipo ya 2020 inataka pesa za wateja zikae kwenye akaunti ya amana benki, kwa hiyo shilingi ya kwenye simu ina mwenzake mahali. Hapo umeshaingia kwenye mada ya pesa na benki na hujafungua kitabu.

Sasa kilichobadilika, maana kuna walimu wakongwe wanasema uchumi ni uleule, simu ni chombo tu. Sikubaliani nao kabisa. Chukua gharama. Kijana wa rolex (chapati ya kuviringishwa na mayai) pale kona, kila chapati anayoongeza inamla unga, mafuta, mayai mawili na makaa, chapati ya 100 inamgharimu karibu sawa na ya kwanza. Lakini mwenzake aliyetengeneza noti za kemia kwenye faili na kuziuza kwa WhatsApp, faili la kwanza lilimla wiki tatu za usiku, la pili limemla nini? Karibu sifuri. Ile chati ya gharama tunayochora kwenye ubao, inayoshuka kisha kupanda, kwake haipandi. Na ndo maana pia mtu akishalipia noti moja anawatumia darasa zima na muuzaji habaki na kitu. Kwa hiyo swali la bei linakuwa gumu kuliko la chapati, na mtoto anastahili kulifanyia kazi darasani kabla hajalifanyia kazi na pesa yake.

Kilichobadilika kingine ni soko lenye pande mbili. Steji ya boda ina mwenyekiti, ina ada ya kujiunga, abiria anakuja anapatana. Apu ya boda inakaa katikati, inahitaji waendeshaji wengi ili abiria waje na inahitaji abiria wengi ili waendeshaji wakubali, kwa hiyo mwanzoni inampa abiria safari kwa bei ya kutupa, na wakishazoea wote, komisheni ya mwendeshaji inapanda. Mfaransa Jean Tirole alipata tuzo ya Nobel ya uchumi 2014 na sehemu ya kazi zake ilikuwa masoko ya namna hii. Weka mdahalo darasani, upande mmoja steji, upande mwingine apu, uone kama kuna atakayesinzia.

Ila kama una muda wa mfano mmoja tu muhula huu, chukua kodi ya 2018. Naipenda hii kwa sababu hatukuisoma kwa nchi za watu, ilitupata sisi wenyewe. Tarehe 1 Julai 2018 serikali ilianza kutoza 1% kwa miamala ya mobail mani, kuweka, kutuma na kutoa, na siku hiyohiyo ikaanza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia WhatsApp, Facebook na mitandao mingine. Watu wakafanya nini? Miamala ikashuka ghafla, wengine wakarudi kubeba keshi kwa basi, wengine wakahamia kwa mawakala wa benki maana benki hazikutozwa. Ile ya mitandao watu wakapakua VPN, apu ya kukwepa kizuizi cha mtandao, mpaka bibi kijijini akajua VPN ni nini. Kabla mwaka haujaisha kodi ya mobail mani ilipunguzwa ikawa 0.5% na ikabaki kwenye kutoa tu, na ile 200 ya kila siku ilifutwa Julai 2021, badala yake tukawekewa 12% kwenye data.

Angalia ulivyo navyo hapo. Elastisiti, yaani watu wanavyobadilika bei ikibadilika, kwa sababu unaona nani alikimbia na nani hakuweza kukimbia. Bidhaa mbadala. Mzigo wa kodi unamwangukia nani kweli, kampuni au mama anayetumiwa pesa ya mtoto mgonjwa? Mpe mtoto hesabu: ukitoa milioni 1 leo, hiyo 0.5% peke yake ni 5,000, na ada ya kampuni inakuja juu yake. Sasa mfanyabiashara wa Busia anayetoa milioni 1 mara 3 kwa wiki amelipa kodi kiasi gani kwa mwaka wa wiki 52? Ni 780,000. Waache wabishane kama angetumia njia gani nyingine na ingemgharimu nini, kwa muda, kwa nauli, kwa hatari ya kuibiwa. Mi nimeona darasa la S5 likibishana kuhusu hilo hadi kengele ya chakula ikalia na hakuna aliyesimama. Ni uchumi wa kitabuni kabisa huo, umevaa nguo zetu.

Kuna jambo moja ambalo naomba usiliache hata kama mkuu wa shule atakuuliza liko ukurasa gani wa silabasi, nalo ni mikopo ya simu na kampuni za kuahidi faida. Kijana niliyemfundisha alikuja ofisini kwangu amekonda, ada ya muhula wake wa mwisho alikuwa ameitia kwa watu waliojiita watredi wa onlaini, walimuahidi 30% kila mwezi, walimlipa mwezi wa kwanza na wa pili, kwa furaha akaongeza na ya dada yake, mwezi wa tatu namba zote zimezimwa. Alikuwa anasomea biashara. Alikuwa amefaulu somo la riba! Iliniuma sana, maana mimi ndo nilimfundisha ile fomula na nilimpa alama nzuri kwa kuiandika.

Kwa hiyo sasa nafundisha hivi. Nawaambia chukueni 100,000, iongezeeni 30% kila mwezi, endeleeni. Baada ya mwaka mmoja ni kama milioni 2.3. Wanatabasamu. Endeleeni. Baada ya miaka miwili ni kama milioni 54. Wanaanza kuangaliana. Baada ya miaka mitatu imevuka bilioni 1.2, kwa mtu aliyeweka laki moja. Alafu nauliza, mtu mwenye mashine ya namna hiyo anahitaji laki yako ya nini? Wananyamaza. Sihitaji kuwahubiria. Na mkopo wa simu vivyo hivyo, mtoto anaona "10% tu" anadhani ni ndogo kwa sababu hajasoma kwamba ni ya mwezi. Laki moja ya deni ikizungushwa kwa 10% kila mwezi bila kulipwa, mwaka ukiisha imekuwa karibu 313,800. Na hizo kampuni za kubeti pia, wafanyie hesabu ya wastani wa kurudisha kwa kila 1,000 inayowekwa, wasitajiwe dhambi, waonyeshwe namba.

Haya, kompyuta 12. Najua inauma, na sitakuambia haijalishi, inajalisha. Lakini nimeona shule zenye kompyuta 60 mpya kabisa ambazo watoto wanafundishwa "aina za vifaa vya kuingizia taarifa" na kuchora mausi kwenye daftari. Kabla hujawapeleka kwenye mashine, chora spredishiti, lile jedwali la hesabu la kompyuta, sakafuni kwa chaki. Chora safu nne, bidhaa, idadi, bei, jumla, mistari mitano, kila kisanduku asimame mtoto mwenye karatasi yake. Aliyeko kwenye jumla hana namba yake, ana maagizo tu: zidisha walio kushoto kwako wawili. Chini kabisa kuna jumla kuu. Kila mtu akishatulia, wewe badilisha bei ya sukari kutoka 4,000 kuwa 4,500. Utaona mstari mzima unachemka, wa jumla anafuta anaandika upya, wa jumla kuu anapiga kelele asubiriwe. Siku nilipofanya hivyo msichana aliyesimama kwenye jumla kuu alisema, "Mimi sina namba yangu, namba yangu ni ya wenzangu." Nilitaka kumkumbatia. Ameielewa fomula kuliko mtu aliyebonyeza batani mwaka mzima. Baada ya hapo ndo wapeleke kwenye zile 12, watoto wanane kwa kila mashine, kila mmoja atapata kama dakika 5 kwa kipindi cha dakika 40, lakini atakaa akijua anatafuta nini.

Simu haziruhusiwi shuleni kwenu najua, basi tumia yako moja. Chapisha stetimenti ya mobail mani ya kwako ya mwezi mmoja, futa majina, toa kopi, wagawie wawili wawili. Waambie wapange: kipi ni matumizi, kipi ni mtaji, ada za kutuma na kutoa jumla ni ngapi. Wengi wetu watu wazima hatujawahi kujumlisha hizo ada na tukijumlisha tunashtuka. Na siku ukipata data, ofisi ya takwimu ya taifa, UBOS, inatoa takwimu za mfumuko wa bei kila mwezi na benki kuu inatoa viwango vya fedha za kigeni, vyote bure. Linganisha kiwango cha benki kuu na cha yule mama wa nyanya, tofauti hiyo peke yake ni kipindi kizima.

Kuhusu mtihani, maana najua mkuu wako atauliza. Mtaala mpya wa O-level ulioanza 2020, ambao UNEB, baraza letu la mitihani, iliutahini kwa mara ya kwanza 2024, unahesabu kazi za darasani 20% na mtihani wa mwisho 80%. Watu wanaidharau hiyo 20, mimi naona ndo mlango wenu, na Ent ni somo la lazima S1 na S2 kwa hiyo unao watoto wote kabla hawajachagua. Ila projekti zimekuwa zilezile nchi nzima, sabuni ya maji, makaa ya taka, mikeka ya mlangoni. Sina ugomvi na sabuni. Shida ni kwamba mtoto anapiga picha na ile sabuni, anaandika "nimejifunza kutengeneza sabuni" na biashara imeishia hapo, hajui lita moja imemgharimu ngapi, hajamuuliza mteja hata mmoja, hajaandika ni nani alirudi kununua tena. Chukua sabuni hiyohiyo, mwache aandike tangazo la maneno 30 la WhatsApp, awaonyeshe watu wazima 10 matangazo mawili tofauti, ahesabu lipi limeleta oda nyingi. Hapo amefanya utafiti wa soko wenye namba, na sabuni ni ileile. Na kwenye ukurasa wa hatari za biashara asiandike "ushindani" tu. Mwambie aandike: siku ya uchaguzi Februari 2016 mobail mani ilizimwa, Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa na Facebook ikafungwa, biashara yangu ingekula nini siku hizo? Mtoto anayeweza kujibu hilo anaijua Uganda anayofanyia biashara.

Na wakubwa wetu vyuoni nao lazima niwaseme, kwa upendo. Nimekaa kwenye vikao vya kubadili kozi ambapo kazi ya siku mbili ilikuwa kubandika neno "dijitali" kwenye jina la kozi ya zamani na kuongeza somo moja mwaka wa tatu. Mtu anahitimu uhasibu hajawahi kuona risiti ya EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, inavyotolewa, wakati mfumo huo ulianza 2021 na Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka kwa sababu yake. Ukiwasikiliza wale wafanyabiashara, wengi walikuwa wanalalamika kuhusu kodi na faini, lakini pia walikuwa wanasema hakuna aliyewafundisha, na hapo walikuwa na haki, maana kila mwaka tunatoa maelfu ya wahitimu wa biashara, tungeweza kumweka mmoja kila korido ya Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla Kampala, miezi mitatu kama sehemu ya masomo yake, akamsaidia mwenye duka kuweka rekodi na yeye akajifunza duka. Hilo halihitaji mfadhili. Linahitaji idara kukubali kwamba duka ni maabara. Malalamiko haya hata si ya kwetu peke yetu, 2012 wanafunzi wa uchumi wa Manchester kule Uingereza walianzisha chama chao wakidai msukosuko wa fedha duniani wa 2008 umepita mbele ya macho yao na darasani hautajwi, na wachumi wa mradi wa CORE wakaandika kitabu kizima cha uchumi kinachoanzia kwenye matatizo halisi, kiko bure mtandaoni. Kipakue ukifika mahali penye Wi-Fi, kwa ajili yako wewe kwanza, mifano yake ya kwao iache, njia yake ichukue.

Sasa binti yako wa viatu. Usimwambie aache kuuza na usimwambie shule ni muhimu, hayo ameshasikia. Mwombe ruhusa, faragha, kama angependa hesabu zake zitumike darasani, akikataa heshimu. Akikubali, mwulize viatu anavyonunua 15,000 na kuuza 30,000 anapata faida ngapi. Atasema 15,000 kila pea, kwa hiyo pea 10 ni 150,000. Mwache aandike hivyo ubaoni kwa mkono wake. Alafu uliza taratibu. Boda ya kupeleka ni nani analipa? Tuseme 3,000. Data ya kupakia picha na kujibu "bei gani" za watu 40 ambao hawanunui? Tuseme 500 kwa pea. Kutoa pesa na ile kodi? Tuseme 1,000. Imebaki 10,500. Na pea ambazo hazikutoka, size haikuwa na mtu? Tuseme 2 katika 10. Basi pea 8 mara 10,500 ni 84,000, toa 30,000 za pea mbili zilizolala, zimebaki 54,000. Kutoka 150,000.

Hapo usiseme neno. Mwache aangalie. Najua atakachokuuliza kwa sababu niliwahi kulifanya zoezi hili na muuza simu za mitumba, atakuuliza, "Madamu, kwa hiyo nikipunguza bei hadi 27,000 zile mbili zingetoka?" Na hilo, mwalimu wangu, ndo dimandi na saplai, amekuuliza mwenyewe. Zingetoka zote 10, kila pea angebaki na 7,500, jumla 75,000, ni zaidi ya 54,000. Lakini zitatoka kweli? Hajui, wewe hujui, kitabu hakijui. Mpe wiki mbili ajaribu pea 5 kwa bei moja na 5 kwa nyingine, aandike kila oda na saa iliyoingia, wenzake wamsaidie kuchora ile laini inayoshuka kwa namba zake yeye.

Mwite Jumatatu kabla ya kengele ya kwanza, aje na daftari jipya la mistari, na aanze na safu ya gharama ya data maana hiyo hamna hata mmoja wao anayeiandikaga. Ukifika wiki ya tatu nitumie picha ya ukurasa, bila jina lake, tuangalie pamoja ile laini imekaa vipi.